Betri isilale: maneno kwa vijana wa Kindu

Wandugu na wadada wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Leo tunaongea juu ya betri. Mutauliza: betri ya nini, na umeme wenyewe hatuna? Ni kwa sababu hiyo hiyo.

Waya za Inga hazifiki Kindu. Mwenye pesa anawasha jenereta, mwenye pesa kidogo ana kapaneli juu ya bati, wengine wanalala gizani. Mwaka 2023 kampuni Nuru, ile ya Goma, ilitangaza kwamba imepata pesa za mitambo ya jua Goma, Bunia na hapa kwetu. Vizuri. Lakini jua linazama saa kumi na mbili, na sisi ndiyo saa tunatafuta taa. Jua bila betri ni umeme wa mchana tu.

Na betri kubwa ni bei kali. Ndiyo maana kwingine wanatumia betri ambazo watu wamekwisha kununua: za gari za umeme. Japani ilipigwa na tetemeko mwaka 2011. Mwaka 2012 Nissan ikatoa chombo cha kurudisha umeme kutoka gari ya Leaf mpaka nyumbani. Gari inashinda imesimama. Betri yake isilale bure.

Tupige hesabu. Leaf ya kwanza ilibeba kilowati-saa 24. Nyumba yenye taa tatu, televisheni ndogo na simu inakula karibu nusu kilowati-saa kwa usiku. Acha nusu ya betri kwa safari, toa umeme unaopotea njiani: bado unawashia nyumba karibu 20.

Mutasema: Kindu gari hizo ziko wapi? Haziko. Lakini Kindu inatembea na pikipiki. Kule Kigali, kampuni Ampersand ina vituo vya betri za pikipiki: dereva anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa. Kituo kama hicho hapa kingejaza betri mchana kwa jua. Usiku, zile zinazongoja madereva zingewashia maternite. Betri moja ni ndogo; hamsini pamoja si mchezo.

Tusidanganyane: betri inachoka kila inapojazwa na kutumiwa. Mwenye betri asipolipwa, huo ni wizi. Na kobalti nyingi ya betri za dunia inatoka Kongo hii hii. Hatuombi zawadi.

Sheria ya umeme ya 2014 ilifungulia makampuni mlango. Mlango wazi si mkataba wa siri. Tunadai:

– bei na mikataba iwekwe mbele ya watu;
– kila mtambo wa jua useme una betri za saa ngapi za usiku;
– anayerudisha umeme alipwe;
– hospitali na maternite ziwe za kwanza.

Musingoje nguzo zisimame ndiyo muulize. Kila komini iandike barua yake sasa, kwa amani, na majina yetu chini.