Mlinzi wa Nyumba za Kupanga



Tumeombwa kuzungumza juu ya haki za wafanyakazi. Pengine mlitazamia tuanze na mashamba ya miwa ya Kidatu, au na vinu vya mpunga. Leo tunaomba tumtazame mtu ambaye kila mmoja wetu humpita getini bila kumfikiria: mlinzi wa nyumba za kupanga, yule anayelala, au tuseme asiyelala, palepale anapolinda.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, lakini hapa Ifakara mtu wa kipato kidogo kwa kawaida hupanga chumba kwa mtu binafsi. Vyumba huzunguka ua mmoja, choo ni cha wote na maji ni ya wote. Humo mna mwanafunzi wa afya, mchuuzi wa mchele, bibi na wajukuu zake, na ndugu waliomleta mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwenye nyumba mara nyingi anaishi mbali. Anayebaki nao usiku ni mlinzi.

Kazi aliyoandikiwa, kama aliandikiwa, ni kulinda geti. Anayoifanya ni pana zaidi. Mama akishikwa na uchungu saa 8 usiku, mlinzi ndiye anayekimbia kutafuta pikipiki. Mto Lumemo ukifurika wakati wa masika, ndiye anayegonga milango kabla maji hayajafikia magodoro. Ndiye anayejua kwamba mzee wa chumba cha mwisho hajafungua mlango tangu jana. Mume akimpiga mkewe, wapangaji humwita yeye kwanza, ingawa baadhi yao watamwambia hayo ni mambo ya ndani. Si mambo ya ndani. Hapo yampasa kuita msaada, na Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo. Mwenye nyumba huyaita yote haya "kusaidia tu". Sisi tunayaita kazi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi hutokana na mtu anayeifanya, wala si na aina ya kazi yenyewe.

Sasa tuhesabu. Mlinzi anaingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku saba za juma. Hizo ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hulipwa mara moja na nusu, na hazipaswi kuzidi 50 katika majuma manne. Mlinzi wetu ana saa za ziada 156 katika majuma hayo manne! Tena kwa kila saa ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, sheria inadai nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ni walinzi wangapi mnaowafahamu ambao wamewahi kuiona nyongeza hiyo?

Jibu tunalopewa ni moja: "Lakini nimempa chumba, halipi kodi." Hapa yafaa tusikilize kwa makini. Sheria humpa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku, na inakubali zipunguzwe hadi 8 kwa mtu anayeishi mahali pa kazi. Hadi 8, ndugu zangu, si hadi sifuri. Na saa 24 za mapumziko ya kila juma zinabaki kuwa zake. Kuishi getini hakumfanyi mtu kuwa sehemu ya geti.

Liko jambo jingine linalowaumiza wengi. Baiskeli ya mpangaji ikiibwa, mshahara wa mlinzi hukatwa mwezi huohuo, pengine wote. Sheria hairuhusu hivyo. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Nao wapangaji wana haki mbele ya mlinzi. Tunasikia kwamba mlinzi huamriwa kufunga kwa kufuli chumba cha aliyechelewa kodi, au kumtolea vyombo nje. Anaogopa kufukuzwa, anatii, na kesho yake hakuna anayemwamini tena katika ua ule. Mgogoro wa pango una wasuluhishi wake, kuanzia mwenyekiti wa mtaa na Baraza la Kata hadi vyombo vya sheria. Mwenye rungu si mmoja wao. Vivyo hivyo kwa mwizi aliyekamatwa: akabidhiwe polisi bila kucheleweshwa, asiachiwe umati.

Msidhani tunawasema wenye nyumba peke yao. Parokia zina walinzi, shule zetu zina walinzi, na sheria haikuyaruka majengo yenye msalaba.

Tunawaomba basi kila jumuiya iwatembelee walinzi wa eneo lake, ikiwezekana mchana, wasije wakakemewa kwa kuongea wakiwa lindoni. Waulizeni kama wana maelezo ya ajira kwa maandishi. Wasipokuwa nayo wasikate tamaa: mwajiri asipoyatoa mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Na mlinzi akiachishwa kazi kwa simu, kama ilivyo desturi ya siku hizi, mwambieni asikae akingoja huruma. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mengine, kama mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. Ofisi ya mkoa iko Morogoro, na nauli si ndogo kwa mtu aliyekosa mshahara, jumuiya ichangie. Mwenye kujua kusoma vizuri amsaidie kujaza fomu. Tarehe aliyoachishwa iandikwe siku ileile, pamoja na majina ya wapangaji walio tayari kueleza saa alizokuwa akiingia na kutoka lindoni.