Neno Tulilowaazima Wanajeshi: Burundi 1993 na Mjadala wa Mapinduzi



Oktoba 1993 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Kigoma. Kwetu habari za Burundi hazikuwa habari za ng'ambo. Mawese, dagaa na vitenge vilikwenda na kurudi ziwani, na nyumba nyingi za Ujiji zilikuwa na shangazi au mjomba Bujumbura. Siku moja nilirudi nyumbani nikawakuta wazee wameizunguka redio barazani. Wakasema: kuna mapinduzi Burundi. Nikamwuliza baba kama ni mapinduzi kama yale ya Zanzibar.

Lilikuwa swali la kitoto, lakini halikuwa la kipumbavu. Shuleni neno hilo niliandikishwa kwa herufi kubwa. Januari 12 tulipumzika kwa ajili yake. Chama kilichotawala nchi kililibeba katika jina lake. Sasa neno lilelile lilitumika kusema kwamba rais aliyechaguliwa na watu wake mwezi Juni ametolewa ikulu usiku na kuuawa kambini. Baba alinyamaza kidogo, akasema, "Haya ni ya wanajeshi, mwanangu, siyo yale." Kisha akaongeza sauti ya redio. Jibu lile nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na mhadhara huu umetokana nalo.

Kiswahili kina neno moja mahali ambapo wenzetu wana mawili. Mwarabu ana thawra, la umma kuinuka, na ana inqilab, la kunyakua madaraka. Jeshi la Misri lilipomwondoa Rais Mohamed Morsi, Julai 2013, mjadala wa Cairo ulikuwa ni kugombania maneno hayo mawili, kwa sababu kila mtu alijua kwamba atakayeshinda katika jina atakuwa ameshinda katika mengine mengi. Warundi wanasema guhirika ubutegetsi, yaani kuusukuma utawala ukaanguka. Sisi tuna kupindua. Chapati hupinduliwa isiungue. Jahazi hupinduka. Kasa akipinduliwa ufukoni hawezi kujigeuza, atabaki akipiga mapezi hewani mpaka mwenye kisu afike. Kitenzi chenyewe hakisemi kama jambo ni jema au baya. Heshima iliyomo katika nomino yake tuliitia wenyewe, na tuliitia Unguja mwaka 1964.

Najua mjadala wa Januari 1964 haujafungwa. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikipa chama cha ASP karibu asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na vyama vya ZNP na ZPPP. Wapo wanaoshikilia kwamba serikali ile ilikuwa halali, na wapo wanaosema uhalali wa namna hiyo ulikuwa dhuluma iliyovikwa sheria. Familia zilizopoteza watu zina haki ya kusikilizwa katika suala hilo kabla yangu mimi. Ninachotaka tukikumbuke ni kimoja. Walioivamia bohari ya silaha ya polisi Ziwani hawakuwa jeshi la serikali lililowageuzia mitutu wale waliolipa silaha. Ndiyo maana watu wengi wangeweza kuliona tukio lile kama jambo la umma kuamka, na neno likapanda cheo.

Siku nane baadaye, Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliwakamata maofisa wao Waingereza wakaingia mitaani Dar es Salaam. Hakuna aliyeyaita mapinduzi. Tuliyaita maasi, na mpaka leo vitabu vyetu vinayaita maasi. Katika mwezi mmoja, basi, Waswahili walikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili, na walijua kuyatenganisha. Lugha haikuwa na upungufu.

Tuliteleza baadaye. Januari 25, 1971, askari alisoma kwenye Redio Uganda sababu kumi na nane za kumwondoa Milton Obote, aliyekuwa safarini kutoka mkutano wa Jumuiya ya Madola, Singapore. Watu wakashangilia Kampala. Mwalimu Nyerere alikataa kuitambua serikali ya Idi Amin, akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Lakini tulichokataa kukitambua kwa sera tulikitambua kwa sarufi: magazeti na vinywa vyetu vilisema "mapinduzi", na tangu hapo kila mwenye kifaru barani Afrika ameazimwa neno hilo bila kuulizwa atalirudisha lini.

Nirudi Burundi, maana huko ndiko deni hili lilikogharimu watu.

Kuanzia 1966 hadi 1993 nchi ile ilitawaliwa na maofisa watatu waliofuatana, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya. Kila mmoja aliingia kwa bunduki, na wote watatu walitoka mkoa wa Bururi. UPRONA ilikuwa chama pekee. Jeshi lilikuwa karibu lote la Watutsi, na mauaji ya Wahutu ya 1972 yalikuwa bado yamo katika kila ukoo. Kisha Buyoya, kwa shinikizo la nje na la ndani, akakubali katiba mpya ya 1992 na uchaguzi wa vyama vingi. Juni 1, 1993, zaidi ya asilimia 97 ya waliojiandikisha walipiga kura. Melchior Ndadaye wa FRODEBU, mtu wa benki mwenye umri wa miaka 40 aliyewahi kuishi ukimbizini Rwanda, alipata karibu asilimia 65. Mwishoni mwa mwezi chama chake kikachukua viti 65 kati ya 81 vya bunge. Buyoya akakubali kushindwa. Ndadaye aliapishwa Julai 10, akamteua Sylvie Kinigi, Mtutsi na mwana-UPRONA, kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo nchini mwake.

Alitawala siku 103. Usiku wa kuamkia Oktoba 21 magari ya kivita yaliizingira ikulu, ukuta ukatobolewa, na asubuhi rais akauawa katika kambi ya jeshi.

Mjadala ulianza kabla hajazikwa, na ulianza kwa jina. Walioshika redio waliunda kamati ya wokovu wa umma chini ya François Ngeze. Naomba tuliangalie neno hilo la wokovu, kwa sababu linarudi kila mahali: Bamako mwaka 2020 wanajeshi nao walijiita kamati ya wokovu wa watu. Siku chache baadaye, ulimwengu ulipolaani na wafadhili walipofunga mikono, hakuna aliyetaka tena kuwa mwokozi. Uongozi wa jeshi ulisema yalikuwa ni maasi ya askari wadogo waliowashinda maofisa wao. Yaani maasi, neno letu la Colito! FRODEBU wakasema hapana, ni jeshi zima.

Mimi naamini jibu limo katika orodha ya waliouawa usiku ule. Katiba ilimpa Spika nafasi ya rais aliyekufa. Spika, Pontien Karibwami, aliuawa. Naibu wake, Gilles Bimazubute, aliuawa. Askari mwenye hasira ya mshahara au cheo hamtafuti naibu spika usiku wa manane. Anayemtafuta ni mtu aliyeisoma katiba, akaweka kidole chini ya kila jina ambalo sheria ingeweza kulishika ili isimame tena. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti 1996 ilisema mauaji ya Ndadaye yalipangwa mapema, na kwamba yalitekelezwa na maofisa wa ngazi za juu. Tume hiyohiyo ilisema pia kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanywa dhidi ya Watutsi kuanzia Oktoba 21. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu nimesikia mara nyingi mno watu wakichagua moja na kulisahau la pili.

Kwa kuwa redio ya Bujumbura ilikuwa imenyamaza na simu zimekatwa, wananchi walipata habari kutoka Radio Rwanda, ambako waziri wa afya Jean Minani, aliyekuwa Kigali siku hiyo, aliwataka wapinge. Miti ikaangushwa barabarani, madaraja yakavunjwa. Jirani akamgeukia jirani. Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto katika kituo cha mafuta. Kisha jeshi likaja vilimani, nalo likawaua Wahutu bila kuuliza nani alifanya nini. Makadirio mengi yanataja watu 50,000. Laki kadhaa walivuka mipaka, na sisi wa Kigoma tuliwaona wakishuka na magodoro vichwani.

Watetezi wa wanajeshi wana hoja, na sitaipita pembeni. Walisema Ndadaye alikwenda mbio. Aliwabadilisha watawala wa mikoa na makarani wao kwa haraka. Wakimbizi wa 1972 walirudi wakidai mashamba yenye watu wengine. Mipango ya kuandikisha askari kutoka kila wilaya iliwatia hofu maofisa, ambao waliona kinga yao ya pekee inaondolewa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Mtu aliyejua 1972 ilivyokuwa angeweza kuhofu kisasi. Lakini rais anayekwenda mbio ana breki zake: bunge, mahakama, magazeti, uchaguzi ujao, hata mgomo. Breki zote hizo ni za maneno. Waliozikataa hawakuziona dhaifu. Hawakutaka kubishana na watu ambao hesabu ya kura ilikuwa imewaweka mbele yao.

Waliofuata njia ya polepole walijifunza kutoka hapo. Mkataba wa Septemba 1994 uliupa upinzani asilimia 45 ya nafasi serikalini, na Warundi wengi waliliita jambo lile mapinduzi yatambaayo: kura ya 1993 ilitafunwa kipande kwa kipande, hadi Julai 25, 1996, Buyoya alipochukua tena madaraka kwa msaada wa jeshi. Safari hii majirani hawakuishia kwenye matamko. Julai 31 viongozi wa kanda walikutana Arusha, pamoja na Mwalimu Nyerere, msuluhishi, wakaifungia Burundi biashara. Vikwazo vile viliumiza maskini, na sikubaliani na wanaovisifu bila kulitaja hilo. Hata hivyo ndivyo vilivyofungua mlango wa mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, uliosema kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Katika sentensi hiyo moja limo jibu la hofu ya maofisa wa 1993. Jibu lilikuwapo. Lilihitaji meza, na meza ikaja baada ya miaka saba ya makaburi.

Linalonisumbua zaidi ni la Mei 2015, na wanafunzi wangu huniuliza hilo kwanza. Rais Pierre Nkurunziza alitaka muhula wa tatu, ambao waandamanaji walisema Mkataba wa Arusha unaukataza. Mei 13, rais akiwa kikaoni Dar es Salaam, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kwamba ameondolewa. Watu waliimba mitaani Bujumbura. Siwalaumu, nami ningekuwa na umri wao, nimepigwa mabomu ya machozi wiki tatu, huenda ningeimba. Ndani ya siku mbili jaribio lilishindwa. Redio binafsi, ambazo zilikuwa sauti ya mjadala wenyewe, zilishambuliwa na kuharibiwa. Kuanzia hapo kila aliyewahi kubeba bango aliweza kuitwa mpinduzi. Jenerali aliwaazima waandamanaji jina lake bila idhini yao, na serikali ikalitumia kuwafungia hoja ambayo mpaka Mei 12 ilikuwa yao.

Makumi ya maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Hakuna barabara. MV Liemba ilikwenda na kurudi kuwachukua hadi Kigoma, wakaelekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kagunga kukazuka kipindupindu. Sijui kama ninyi mnaisikia sauti ya pindua ndani ya jina la ugonjwa ule. Mimi niliposimama gatini mwaka ule nikiwatazama watoto wakishushwa kwa machela sikuweza kuacha kuisikia.

Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya Burundi ilimhukumu Buyoya kifungo cha maisha, bila yeye kuwapo, kwa mauaji ya Ndadaye. Aliikataa hukumu akisema ni ya kisiasa, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Mjadala wa nani aliamuru utaendelea bila yeye, na naomba wanahistoria wachanga walioko humu ndani waende Bujumbura wausikilize kwa Kirundi.

Ombi langu kwa waandishi wa habari na watunga kamusi ni dogo. Wanajeshi wakimwondoa aliyechaguliwa, semeni jeshi limenyakua madaraka, au jeshi limeasi. Maneno hayo tunayo. Na neno mapinduzi, kwa habari za Burundi, lina tarehe yake. Baada ya miaka 27 ya maofisa watatu, watu wa vilimani waliamka kabla ya jua Juni 1, 1993, wakapanga foleni, kila mmoja akaingia kibandani peke yake akatoka. Jioni ile, bila risasi hata moja, utawala wa Burundi ulikuwa umepinduliwa, na aliyepinduliwa alikubali.