Viungo vya Nje Kwenye Tovuti ya Biashara: Vipi Vibaki, Vipi Viondolewe?



Bado kuna tovuti za biashara zenye ukurasa mzima wa "Viungo Muhimu": orodha ndefu ya anwani za tovuti nyingine, nusu yake hata mwenyewe hajui zilifikaje hapo. Chanzo chake kinajulikana. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998, waliijenga juu ya wazo kwamba tovuti inayotajwa na nyingine nyingi ina uzito. Watu wakaligeuza kuwa biashara: niwekee kiungo, nami nikuwekee. Aprili 2012 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti zilizonunua au kubadilishana viungo ovyo zikashuka kwenye matokeo ya utafutaji. Anayepita leo akiuza "viungo mia kwa bei nafuu" anauza hasara.

Je, ukurasa huo ufutwe? Duka la vifaa vya ujenzi Ukunda laweza kuufuta bila kupoteza chochote. Nyumba ya wageni Diani ni jambo jingine. Mgeni wa Ujerumani anahitaji idhini ya kusafiri ya kielektroniki, eTA, iliyochukua nafasi ya visa Januari 2024. Anahitaji tiketi ya reli ya Nairobi hadi Mombasa. Akitaka kuona ndovu Shimba Hills, malipo yapo eCitizen. Asipoelekezwa atatafuta mwenyewe, na balaa huanzia hapo, kwa kuwa zipo tovuti za watu binafsi zinazojifananisha na ya serikali na kutoza zaidi ya ada halali. Tovuti ya serikali ya eTA ni etakenya.go.ke. Anwani zinazoishia na .go.ke ni za taasisi za serikali pekee. Mwenye nyumba akiweka kiungo hicho kimoja tu, tena kwenye ukurasa wa "Jinsi ya Kufika" ambako mgeni atakiona, amemwokolea pesa kabla hajapanda ndege. Picha za bwawa la kuogelea hazifanyi hivyo.

Lipo tatizo lisilozungumzwa sana. Anwani ya tovuti isipolipiwa hupotea, na mtu mwingine huweza kuichukua. Kiungo kilichokuwa cha mwenye boti wa Wasini chaweza kesho kufungua kamari, na mwenye tovuti hana habari. Mgeni hatamlaumu mwenye boti. Atamlaumu aliyemtuma huko. Viungo vifunguliwe kimoja kimoja kila mwezi, na kisichofunguka kiondolewe siku hiyo hiyo. Kilicholipiwa kiandikwe wazi kuwa ni tangazo, na fundi akiwekee alama ya "sponsored" ambayo Google inaitambua tangu 2019.

Pasipo mtu wa kukagua orodha, viungo vitatu vya serikali na namba ya simu ya mapokezi vinatosha.