Presha Isishuke Mama Anapojifungua kwa Upasuaji

Leo tunazungumzia sindano ya ganzi ya mgongoni, anayochomwa mama anayejifungua kwa upasuaji.

Ganzi hiyo huondoa maumivu kuanzia kifuani kwenda chini, na mama hubaki macho. Lakini pia hulegeza mishipa ya damu, hivyo presha inaweza kushuka ndani ya dakika chache. Mama huhisi kizunguzungu, kichefuchefu au kuishiwa nguvu. Ikishuka sana, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua, na mtoto huweza kukosa oksijeni ya kutosha.

Hatari hii inaweza kuzuiwa. Mama akilala chali, mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo maana wahudumu humwinamisha kidogo upande wa kushoto, pengine kwa kuweka shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia. Dripu hufunguliwa kwa kasi mara tu ganzi inapochomwa. Mtaalamu wa usingizi hutoa dawa ya kupandisha presha, kama fenilefrini au efedrini, huku akipima presha kila dakika moja au mbili hadi mtoto azaliwe.

Nawe mama, kabla ya sindano taja ugonjwa wa moyo, presha, kutokwa damu na dawa unazotumia. Ukiwa mezani, ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, sema papo hapo. Usivumilie kimya kimya; ukisema mapema, utasaidiwa mapema.