Kupima Diski za Kompyuta kwa Haki



Kila katibu ajua kwamba mizani ya kununulia mazao hupimwa kwa mawe ambayo uzito wake umekwisha thibitishwa. Hakuna mkulima atakayekubali ipimwe leo kwa jiwe na kesho kwa gunia lisilojulikana lina nini. Siku hizi vyama hununua kompyuta za kutunzia daftari la wanachama, na muuzaji huja na karatasi isemayo kwamba diski zake ni nyepesi kuliko za mwenzake. Kabla ya kuzisifu, yafaa katibu aulize: zilijaribiwa kwa kuandikiwa nini?

Jaribio rahisi kuliko yote ni kuandika sifuri tupu. Mitambo mingine ya kuhifadhia hubana data kabla ya kuziweka. Mingine hutambua kipande kilichokwisha hifadhiwa, ikaandika tu kwamba kipo. Mtambo wa namna hiyo ukipewa sifuri hauna kazi ya kufanya, na wepesi wake ni wa karatasi. Fedha za wanachama zikilipwa kwa jaribio hilo, ukweli hudhihirika msimu ukifunguliwa, makarani wote wakiingiza stakabadhi kwa pamoja na wakulima wamepanga foleni. Data za nasibu tupu nazo huudhulumu mtambo, maana hazibaniki kabisa, ilhali daftari la chama limejaa majina ya vijiji, madaraja ya mazao na tarehe zinazojirudia. Ndiyo sababu programu ya kupimia iitwayo fio, kazi ya Jens Axboe, humruhusu mpimaji kutaja ni asilimia ngapi ya data iweze kubanika, na ngapi iwe marudio.

Wengi hudhani kwamba jambo la nasibu haliwezi kurudiwa. Lakini programu hizi hazitupi dadu, hufanya hesabu. Katibu achukue namba 1, aizidishe kwa 3, agawanye kwa 7 na kuandika baki: ni 3. Aizidishe hiyo nayo kwa 3, apate 9. Baki ni 2. Akiendelea atapata 6, 4, 5, kisha 1 tena. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza njia hiyohiyo kwa 16,807 mahali pa 3, na 2,147,483,647 mahali pa 7, na mzunguko ukawa mrefu kupita zaidi ya namba bilioni mbili. Namba ya kuanzia huitwa mbegu. Kwa kanuni moja, mbegu ileile huzaa mfuatano uleule, hata miaka kumi ikipita. Mfuatano huo huamua data za kuandikwa, na pia mahali pa kuziandika. Hili la pili si dogo: diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika huchukua kama milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja, basi mpangilio wa mahali hubadili matokeo.

Hapa pana mtego. Mtambo unaotambua marudio ukipewa mbegu ileile mara ya pili, huku data za kwanza zingalimo, utaona kila kipande ni cha zamani na kumaliza upesi ajabu. Data za jaribio zikiwa chache kuliko kumbukumbu ya kompyuta, usomaji huweza kutoka humo bila kuigusa diski. Tena diski isiyozunguka, ikiwa mpya na tupu, aghalabu huandika haraka kuliko itakavyoandika ikisha kujaa. Kwa hiyo kabla ya kila marudio mtambo hauna budi kurudishwa katika hali moja, ama mbegu ibadilishwe na kuandikwa daftarini.

Karatasi ya muuzaji ionyeshe mbegu, ukubwa wa data, kiasi cha kubanika, hali ya diski wakati wa kuanza, na matokeo ya kila jaribio, pamoja na yale yaliyokuwa mabaya. Isiyo na mbegu irudishwe, na muuzaji aombwe kupima upya mbele ya kamati, kwa mbegu itakayochaguliwa na kamati siku hiyohiyo.