Nyimbo 12 kwa Pamoja, au Mmoja Mmoja?

Hotuba ya katibu wa kwaya, sherehe ya jubilei ya miaka 25



Baba Paroko, masista wetu, mwenyekiti wa baraza la parokia, wazazi wetu mlioianzisha kwaya hii, wanakwaya wenzetu, na akina mama wa jumuiya mlioamka na sufuria zenu kabla jogoo hajawika: karibuni nyote.

Tulipewa dakika 10 tuzungumzie historia ya kwaya. Lakini historia mmeandikiwa kwingine katika kijitabu hiki, na wenye historia yenyewe wameketi hapa mbele. Hatuna la kuwafundisha. Tumeomba ruhusa tulieleze kanisa zima jambo ambalo limetugawa tangu Januari, kwa sababu fedha zinazohusika mlizichanga ninyi. Je, fedha za jubilei zirekodi albamu nzima ya nyimbo 12 kwa mara moja, au turekodi wimbo mmoja, tuutoe, kisha twende kwa mwingine? Wengi wenu mmesikia upande mmoja tu, hapo nje chini ya mti baada ya misa.

Tuanze na stoo. Nyuma ya sakristia kuna masanduku 4 ya CD za albamu yetu ya pili. Tulichapisha CD 1,000. Siku ya uzinduzi mgeni wa heshima alinunua ya kwanza kwa bei ambayo hakuna mtu mwingine angeilipa, tukapiga vigelegele, tukadhani kazi imekwisha. Tukauza kama 300. Nyingine tulizigawa kwenye harusi za wanakwaya, na kusema kweli kuna maharusi waliopewa tatu tatu. Aliyetupigia video alikuwa bado anatudai, na deni lile likalipwa kutoka mifukoni mwa wanakamati. Maneno yakawa mengi. Wanakwaya wawili wakaacha kuja mazoezini. Hatukuwafukuza, lakini pia hatukuwafuata nyumbani kuwauliza. Mmoja yuko hapa leo, na tunamshukuru kwa kuja.

Kwa hiyo mtu akisema neno albamu, kamati inasikia deni. Hatutaki kuficha hilo.

Lakini tulijiuliza pia: nani alisema ni lazima ziwe nyimbo 10 au 12? Tulipochunguza tukaona si Biblia wala Mama Kanisa. Ni chombo. Santuri za kale, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu na kidogo kila upande. Kazi ndefu iligawanywa katika santuri kadhaa, zikapangwa kwenye jalada kama kitabu cha picha, na kutoka hapo ndipo muziki ulipopata neno albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa santuri ndefu, upande mmoja dakika 20 na zaidi. Hapa kwetu wazee wanakumbuka santuri ndogo za River Road, wimbo mmoja umekatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Kisha ikaja kaseti, dakika 30 kila upande, na huwezi kumuuzia mtu kaseti yenye upande mmoja mtupu. Kwa hiyo kwaya zikatunga hadi upande ujae. Kaseti ndiyo iliyotupangia hesabu, na sisi tumeendelea kuitii hata baada ya kuizika.

Leo hakuna upande wa kujaza. Gari jipya halina pa kuingiza CD. Wimbo unatumwa kwa simu, tena kwa mtu mwenye bando dogo. YouTube hailipi matangazo ya kawaida hadi uwe na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Miezi hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka leo. Kwaya ikipakia nyimbo 12 siku moja kisha ikanyamaza, saa zake za mwanzo hutoka kwenye hesabu mwaka ukiisha, na hakuna mpya za kuzijazia. Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu. Hapo mpiga kinanda wetu atuwie radhi, maana baadhi ya nyimbo zetu sekunde 30 zinaisha kabla mtu hajafungua kinywa.

Kuna na suala la ruhusa. Nyimbo nyingi tunazoimba zina watunzi wake, wako hai, na wana haki. Albamu ya nyimbo 12 inahitaji ruhusa zote 12, na barua moja ikichelewa, nyimbo 11 zinasubiri.

Na kuna uchovu. Studio hulipwa kwa siku, kwa hiyo albamu ya pili tuliirekodi kwa siku mbili. Sikilizeni wimbo wa tisa: besi wanaburuta kama mkokoteni wenye pancha. Ulirekodiwa saa saba usiku. Walimu mliomo humu mnajua, mtoto hapewi mitihani yote ya muhula kati ya asubuhi na jioni.

Lakini hoja iliyotugeuza ni kalenda yetu wenyewe. Albamu ikizinduliwa Agosti, wimbo wa Noeli uliomo unakaa miezi minne haugusiki, na wa Kwaresima unasahauliwa kabla ya Jumatano ya Majivu. Wimbo wa Majilio ukitoka mwishoni mwa Novemba, unamkuta mtu akiuhitaji.

Tungeishia hapo kama si mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ameimba tangu mwaka wa kwanza. Alisimama kwenye mkutano akasema: "Wanangu, mkitoa mmoja mmoja, mtatoa za kuchezwa peke yake. Nani atapiga kura turekodi Bwana Utuhurumie?"

Tulinyamaza, maana alikuwa na haki. Kwenye kaseti yetu ya kwanza kuna wimbo wa mwisho wa upande wa pili, wa maziko, wa polepole, bila ngoma. Uliwekwa kwa sababu kulibaki dakika nne. Hakuna aliyeuomba. Leo hakuna matanga katika parokia hii usipoimbwa, na sauti tano zilizomo kwenye kaseti hiyo wenyewe tumeshawazika kwa wimbo huohuo. Watoto wao bado wanaipiga. Wimbo ule ungepigiwa kura, ungeshindwa.

Mfano mkubwa zaidi ni Missa Luba. Mara ya kwanza ilirekodiwa 1958 na Les Troubadours du Roi Baudouin, kwaya ya Kamina, Kongo, chini ya Padre Guido Haazen. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya hapa Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, nayo iliirekodi kwa kampuni ya Philips. Sehemu iliyosafiri mbali kuliko zote ni Sanctus. Iliingia hata kwenye filamu ya Uingereza ya 1968 inayoitwa If.... Lakini walioiimba hawakuketi kutafuta Sanctus ya kupendwa. Waliimba misa nzima, Kyrie hadi Agnus Dei, na dunia ikachagua yenyewe.

Basi kamati imeamua hivi, na kama kuna anayepinga aje mazoezini tusikie. Tutatoa wimbo mmoja mmoja, sita kwa mwaka wa liturujia, na hakuna wimbo utakaorekodiwa kabla fedha zake hazijatimia. Wa kwanza ni wa Majilio. Wa pili, kabla vijana hawajapewa zamu yao, ni Bwana Utuhurumie. Mama yetu ndiye atakayeuanzisha. Wa Kwaresima utaimbwa bila kinanda. Matatu yaliyobaki mtayasikia. Zote sita zikitimia zitawekwa pamoja kwenye flashi, pamoja na ile kaseti ya kwanza, ambayo fundi ameshaitoa kwenye utepe. Wazee watapewa bure.

Tunajua tunachopoteza. Hakutakuwa na uzinduzi mkubwa, wala mgeni wa heshima, na kuna watu ambao huchanga tu wakimwona mgeni wa heshima. Mweka hazina atasoma hesabu kila mwisho wa mwezi, hapa mbele, hata kama ni shilingi 200.

Masanduku ya stoo yatakuwa mlangoni. Mwenye mashine ya CD achukue moja, na mwenye harusi asichukue tatu.

Tunarekodi Jumamosi ya pili ya Oktoba. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Waliowahi kuimba nasi, pamoja na wale wawili, sare zao bado zimetundikwa mahali palepale.