Siku ya kilio si siku ya kutafuta karatasi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, kwenye mkutano wa shirika letu hapa Lubumbashi)



Najua neno la leo si tamu. Nilipomwambia mzee mumoja hapa kwamba tutaongea juu ya testama, alinijibu: «Mwanangu, unataka nikufe?» Tulicheka. Kisha akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo: «Na nikikufa, lupango itabakia na nani?» Ulizo lile njo kazi yetu leo.

Munajua vile mambo yanapitaka. Baba anakufa, watu wanalala kwa kilio siku tatu, siku ine. Kilio kikiisha tu, ndugu za marehemu wanaingia ndani na mama, mlango unafungwa. Funguo iko wapi? Karatasi ya lupango iko wapi? Mama angali na kitambaa cha kilio kichwani, hajalala vizuri, na njo wanamuomba akate neno juu ya nyumba. Nilimuona mama mumoja akitoka na mifuko miwili na watoto wane, akaenda kulala kwa dada yake. Sheria haikumfukuza. Alitoka ju hakukuwa na karatasi hata moja mkononi.

Basi sheria inasema nini? Hapa Congo tuna Kode ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016.

Wengi wetu tuliishi Zambia, ku Meheba, ku Kala, ku Mwange. Kule, sheria ya 1989 inagawa hivi mali ya mtu aliyekufa bila testama: watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi 20, na wale aliowalisha 10. Kuna waliorudi na hesabu ile kichwani. Huku hesabu ni ingine.

Huku watoto wanapata robo tatu. Robo inayobaki ni ya makundi matatu: bibi au bwana aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Yote matatu yakiwapo, kila kundi linapata sehemu moja ya 12.

Mama mumoja aliposikia hivi alisimama: «Miaka yote ile ya ndoa, napata 1/12 tu?» Nikamwambia: mama, ngoja kwanza. Mbele ya kugawa, kila mutu anatosha kile ambacho ni chake. Kama siku ya ndoa hamukuchagua utaratibu mwingine, sheria inahesabu kwamba vile mulivyopata pamoja ndani ya ndoa ni vya ninyi wawili. Tuseme mulinunua lupango pamoja, na leo bei yake ni dola 24.000. Dola 12.000 ni za mama, si urithi. Urithi ni zile 12.000 zingine: watoto 9.000, mama tena 1.000, wazazi wa baba 1.000, ndugu zake 1.000. Na zaidi ya pale, mjane ana haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyokaa pamoja na kutumia vyombo vyake. Watoto wana sehemu yao, lakini mama hatoki.

Najua pia kwamba kwa Babemba, kwa Balamba na wengine wa huku kwetu, ukoo unahesabiwa upande wa mama, na mpwa alikuwa anarithi mjomba wake. Heshima ya mjomba ibakie. Lakini juu ya mali, sheria inaweka watoto wa kwanza.

Sasa shida iko wapi? Sheria haijui uso wako, inajua karatasi. Na sisi tuliorudi, karatasi njo ugonjwa wetu. Ndoa: mali ilitolewa, ba mama walipiga vigelegele, lakini hakuna aliyefika ku komini kuandikisha. Siku bwana anakufa, mama anaambiwa ni «rafiki yake tu». Watoto: wengine walizaliwa kambini, cheti chao ni cha Zambia. Mukipeleke ku etasivili ya komini yenu, muulize namna ya kukiandikisha huku. Mtoto aliyezaliwa hapa anaandikishwa ndani ya siku 90. Kisha pale unapita kortini. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, baba amutambue mbele ya etasivili akiwa angali mzima. Baba akishakufa, mtoto yule atabeba mzigo wa kuhakikisha, na yeye hakukosa kitu.

Karatasi ya tatu ni ya lupango. Angalia leo jioni: jina lililoandikwa ni lako, ao ni la yule aliyekuuzisha? Kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, haki ya lupango inahakikishwa na certificat d'enregistrement. Na kisha miaka miwili, certificat ile ni vigumu sana kuivunja. Kama mutu alijiandikisha juu ya nyumba ya mayatima, mukisema «tutaona mwaka kesho», munaweza kuchelewa.

Karatasi zile tatu zikiwa sawa, testama inakuwa kazi nyepesi. Unaweza kuifanya mbele ya notere ao mbele ya ofisa wa etasivili. Unaweza kuiandika mwenyewe: yote kwa mkono wako, tarehe, sinyature. Usiipige na mashini, usimwachie mtoto akuandikie. Asiyejua kuandika aende kwa notere. Testama ya mdomo iko pia, ya mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi wawili wakubwa, lakini haibebe mambo mengi. Musiitegemee.

Ndani ya testama unaweza kusema utazikwa wapi, nani atalea watoto wadogo, na nani atasimamia ugawaji. Usipomtaja msimamizi, sheria inamtafuta kwanza mkubwa kwa umri kati ya warithi. Lakini testama si fimbo: huwezi kuitumia kwa kuwanyang'anya watoto sehemu yao.

Namaliza na ombi, kwa wanachama na kwa marafiki wanaochangia. Kasha letu linajua kusaidia kilio. Mwanachama akifiwa, tunatosha makuta ya sanduku, ya kamyo, ya chakula, na ni vizuri. Lakini sanduku linaingia udongoni, na mama anabakia mbele ya ule mlango uliofungwa. Naomba kamati itenge sehemu ndogo ya kasha kwa karatasi za wazima: ndoa, watoto, lupango. Mwenye kukosa makuta ya komini akopeshwe, arudishe pole pole kama tunavyofanyaka kwa likelemba. Na kila mwanachama alete kopi, ikae ndani ya bahasha yenye jina lake. Ya kwanza yenyewe, bibi yake ao bwana yake ajue pahali ilipo.

Yule mzee wa mwanzo, juma lililopita alinipigia simu. Alikuwa ku komini na bibi yake, wanaandikisha ndoa yao. Aliniambia: «Nimeenda, na ona, singali kufa.»